Ua wa Kichina kwenye zege: urithi unaendelezwa au unauzwa?

Mleta mada:
Wakuu, hili tulijadili bila kutupiana maneno. Majengo mapya ya China "yenye asili" yanasifiwa kila kona: kuta nyeupe, paa la kijivu, bwawa, mianzi, mlango wa duara. Kwangu sifa nyingi kati ya hizo ni za bure. Kilichochukuliwa ni sura tu, na watu wameachwa nje.

Chukueni siheyuan, nyumba ya jadi ya Beijing. Nyumba nne zinazunguka ua mmoja, na upande wa nje ni ukuta mtupu. Mlango mkuu uko pembe ya kusini-mashariki, na ukishavuka kizingiti unakutana na ukuta mwingine wa kukinga macho, kwa hiyo mpita njia haoni kitu. Nyumba ya kaskazini, inayotazama kusini na kupata jua wakati wa baridi, ni ya wazee. Watoto wa kiume na familia zao wanakaa za ubavuni. Kila mtu anajua mahali pake, na wote hawana budi kupitia uani.

Leo sura hiyohiyo inauzwa kwa matajiri kwenye majumba yenye mageti na walinzi, huku bomoabomoa ikipita kwenye vichochoro halisi. Januari 2012 iliripotiwa kwamba nyumba waliyowahi kuishi Liang Sicheng na Lin Huiyin, waasisi wa utafiti wa usanifu wa kale wa China, imevunjwa hapohapo Beijing. Mwezi uliofuata msanifu majengo Wang Shu akatangazwa mshindi wa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu duniani, na kazi yake inayojulikana zaidi, makumbusho ya historia ya mji wa Ningbo ya mwaka 2008, ina kuta za matofali na vigae vilivyookotwa kwenye vijiji vilivyobomolewa. Vigae tumeviona. Wenye vigae wako wapi?

Jibu la 1:
Mkuu, umeanza vizuri, jazba ikakuzidi. Wang Shu hakubomoa kijiji cha mtu. Alikuta mabaki yanakwenda jalalani. Na ule ujenzi unaitwa wapan, ni ufundi wa watu wenyewe wa Zhejiang, jimbo ilipo Ningbo: kimbunga kikipita, fundi anaokota vipande vya kila saizi na kuinua ukuta haraka. Bila kazi kubwa kama ile, nani angewalipa mafundi kuufanya tena?

Halafu nenda mji wa Suzhou. Makumbusho ya msanifu I. M. Pei, yaliyofunguliwa 2006, yamepakana na bustani ya Zhuozheng, ambayo ni urithi wa dunia. Kulikuwa na kelele kwamba jengo linasogelea mno bustani. Lakini tazama alichofanya. Wahenga wa Suzhou walipenda mawe yaliyotobokatoboka, wakiyarundika yawe kama mlima. Pei hakuwaiga. Alikata mawe yakawa mapande membamba, akayapanga mbele ya ukuta mweupe wa mpakani, na ukisimama ng'ambo ya maji unaona safu ya milima kama iliyochorwa kwa wino. Kwenye mapaa hakuna vigae vya udongo, ni graniti ya kijivu, chuma na kioo. Huyu anaijua bustani kwa ndani. Ukoo wake uliwahi kumiliki ya Shizilin, palepale jirani.

Na hilo la matajiri, ndugu yangu, ni la tangu enzi. Zhuozheng yenyewe ilianzishwa na ofisa mstaafu mwanzoni mwa karne ya 16. Mkulima hakualikwa.

Jibu la 2:
Mimi namshangaa mleta mada anavyoipamba siheyuan. Baada ya 1949 nyua nyingi ziligawanywa kwa familia kadhaa kila mmoja, na baada ya tetemeko la Tangshan la 1976 watu wakajenga vibanda humohumo uani, ukabaki ujia wa kupita mtu na baiskeli yake. Choo ni cha mtaa. Beijing, Januari, usiku, utoke na koti kwenda chooni! Huo ndio undugu wa uani anaoulilia?

Msanifu Wu Liangyong alijaribu kutibu hilo kwenye mtaa wa Ju'er, hapohapo Beijing. Awamu ya kwanza ilikamilika 1990: nyumba za ghorofa mbili hadi tatu zinazozunguka ua, miti ya zamani ikabaki, kila nyumba na jiko na choo chake. Kwangu ni jaribio la maana kuliko makumbusho yote. Ila sehemu kubwa ya wakazi wa mwanzo hawakurudi. Pesa.

Mleta mada:
Asante, dada, maana umenisogezea hoja. Shida haikuwa mchoro wa Wu, ilikuwa nani atamudu kurudi. Jibu la 1, makumbusho nakuachia, hakuna anayelala mle. Mimi nauliza kuhusu makazi.

Mfano ninaoukubali uko Beijing, mtaa wa Cha'er: ua mmoja uliojaa majiko ambayo wakazi walijijengea. Kawaida warekebishaji huanza kwa kuyafagia hayo. Msanifu Zhang Ke aliyahesabu kuwa sehemu ya historia ya nyumba. Akatia maktaba ya watoto ya mita 9 za mraba chini ya mti mkubwa wa zamani, kwa zege lililochanganywa na wino wa Kichina, na jiko mojawapo akaligeuza chumba kidogo cha sanaa. Wakazi waliokuwepo hawakufukuzwa kupisha mradi. Mwaka 2016 mradi ukapata tuzo ya usanifu ya Aga Khan, na hiyo naiona halali.

Jibu la 1:
Mita 9, mkuu! Beijing ina watu zaidi ya milioni 20. Heri basi ungetaja jengo la 2008 la kampuni ya usanifu ya Urbanus kule Nanhai, jimbo la Guangdong: waliichukua tulou, nyumba ya duara ya Wahakka, jamii ya Wachina wa jimbo la Fujian, wakaifanya makazi ya wapangaji wa kipato cha chini. Vyumba vidogo, ua katikati, kila kitu umetaka. Mbona hazikujengwa mia? Anza kujibu hapo.