Ualimu Marekani: mshahara wangu umegeuka bajeti ya shule, nimechoka!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kusubiri ipoe.

Nafundisha darasa la tatu shule ya serikali hapa Texas, huu mwaka wa sita. Jioni hii nimetoka dukani na rimu nne za karatasi, penseli, tishu na kitambaa cheusi. Vyote pesa yangu. Karatasi shuleni tunapimiwa, zikiisha kabla ya mwezi ni shauri yako. Kitambaa ni cha kuziba kioo cha mlango siku ya zoezi la kujificha, kujiandaa mtu mwenye bunduki akivamia shule. Tangu mauaji ya risasi kwenye shule ya Uvalde, mji wa hapahapa Texas, Mei 2022, watoto 19 na walimu 2, wakubwa hawaachi kuhubiri usalama. Lakini pazia langu lilipochanika nikaambiwa nitajua mwenyewe!

Huko nyumbani ndugu wanaamini nimetoboa.

Mtasema serikali si inawafidia? Sikilizeni fidia yenyewe. Kwenye hesabu za kodi za mwaka 2024 mwalimu aliruhusiwa kutoa dola 300 kwenye kipato kinachotozwa kodi. Kuanzia 2002 ilikuwa 250, ikakaa hapo miaka 20 bila kuguswa. Na usidhani unarudishiwa hizo 300. Ukiwa kwenye kundi la wanaotozwa kodi asilimia 12, unachookoa ni dola 36. Mimi dola 36 zinaisha Agosti, wiki ya kwanza ya shule.

Sasa nchi tajiri hivi inakosaje penseli? Chanzo ni kodi ya majengo. Kwa sehemu kubwa shule inakula kinachokusanywa kwenye nyumba za eneo lake, kwa hiyo mtaa wa vibanda unapata shule ya vibanda. Wazazi wa Edgewood, San Antonio, walilipeleka hili mahakamani mwaka 1968. Walikuwa wanajitoza kodi kwa kiwango cha juu kuliko majirani zao matajiri wa Alamo Heights, lakini mwanafunzi wa Edgewood alipata dola 356 kwa mwaka, wa Alamo Heights 594. Mahakama ya Juu ya Marekani ikawaangusha Machi 1973, kura 5 kwa 4. Baadaye mahakama za Texas zililazimisha maeneo tajiri na maskini yagawane fedha na nafuu ikapatikana, sikatai. Lakini njoo darasani kwangu uione hiyo nafuu.

Kiwango cha msingi cha fedha kwa kila mwanafunzi hapa Texas kiliganda kwenye dola 6,160 tangu 2019. Bei ya kila kitu imepanda tangu wakati huo. Mwaka 2025 Bunge likaongeza dola 55. Hamsini na tano! Mishahara waliigusa, kwa hilo nashukuru, ila kikao hichohicho kikatenga dola bilioni 1 za vocha za kusomesha watoto shule binafsi. Kumbe pesa ipo.

Tena fedha zinafuata mahudhurio, si idadi ya walioandikishwa. Mtoto akilala na homa siku tatu, shule inapungukiwa, wakati mimi nipo, taa zinawaka na basi limepita njia ileile. Halafu sheria inasema darasa kama langu lisizidi watoto 22. Ninao 27, kwa sababu shule inaruhusiwa kuomba kibali cha kuzidisha, na kibali kinatolewa.

Kugoma? West Virginia walithubutu mwaka 2018, shule za kaunti zote 55 zikafungwa, wakapata nyongeza ya asilimia 5. Texas sheria inakataza, ukigoma unapoteza haki zako za ajira.

Kinachoniuma kuliko vyote ni ukalimani. Tuna familia za Wakongo waliokuja kama wakimbizi, na mzazi akifika ofisini naitwa mimi. Wiki iliyopita nimetolewa darasani mara tatu. Mama wa watu ana haki ya kuelezwa kuhusu mwanawe kwa lugha anayoielewa, na shule inajua hivyo, ila mkalimani anadai malipo na mimi ni wa bure. Siwezi kumwacha yule mama amekaa pale akitikisa kichwa kwa asichokielewa, na wao wanajua siwezi.

Walimu wenzangu mlioko Ohio, Minnesota, popote pale: huko mnalipwa kwa kazi hii ya ukalimani? Kama mlidai, mlimwandikia nani, na barua ilisemaje? Nataka yangu iwe mezani kwa mkuu wa shule Jumatatu asubuhi.