Mtwara: gereji inafunguaje injini ya Land Cruiser bila kupima chochote?

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Kuna gereji hapa Mtwara mjini imeniulia injini iliyokuwa nzima. Jina silitaji kwa sasa kwa sababu shauri lenyewe bado nalifuatilia. Naandika kwa sababu wenye Cruiser kuukuu kuanzia hapa hadi Tandahimba, Newala na Masasi ni wengi, na msimu wa korosho ukikaribia kila mmoja anakimbiza gari lake kwa fundi.

Gari ni Land Cruiser mkonga, injini 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina tabo. Wanaozijua hizi injini hawahitaji kuelezwa: ukiipa oili safi na maji, inakuzeesha wewe kabla haijazeeka yenyewe. Langu linabeba samaki kutoka Msimbati, na aliyewahi kupita mchanga wa kule anajua kwamba bila fowili unalala njiani.

Likaanza kugonga. Mlio mkavu, mkali, unazidi asubuhi injini ikiwa baridi, na moshi mweusi unatoka kwa mafungu. Oili haipungui. Maji hayapungui. Halichemshi. Yote hayo nilimweleza fundi, moja baada ya jingine. Akafungua boneti, akakanyaga mafuta mara mbili, akatega sikio, akasema: "Njomba, hii imenoki. Konrodi hiyo. Tushushe injini."

Yaani beringi za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, zimekwisha. Nikamuuliza, umepima nini? Akasema ana miaka mingi kwenye magari haya. Uzoefu wake siudharau, na sikio la fundi ndilo kipimo cha kwanza. Lakini geji ya kompresheni, ya kupima mgandamizo ndani ya silinda, hawana. Geji ya presha ya oili hawana. Hata kulegeza nati za mabomba ya nozeli, zile zinazopuliza mafuta ndani ya silinda, kazi ya spana moja tu, hakufanya. Nikamwambia asiguse kitu mpaka nipate geji ya kuazima. Nimerudi kesho yake, injini iko chini, imefumuliwa yote.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Injini imefunguliwa nje, chini ya mwembe, upepo wa bahari unavuma na vumbi la barabara linatua juu ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, iliyopakwa oili. Bolti zote kwenye ndoo moja. Kofia za konrodi zimerundikwa pamoja, hakuna aliyeweka alama ipi imetoka silinda gani. Wakuu, kofia ya konrodi inachongwa pamoja na konrodi yake. Ukiihamishia kwa jirani, tundu la beringi halikai duara tena, hata kama kwa macho huoni tofauti. Hili ni somo la mwanzo kabisa la ufundi wa injini, na sisi mkoani tuna VETA inayofundisha vijana.

Beringi za zamani nilizishika kwa mkono wangu, nikazigeuza juani moja moja. Rangi ya kijivu, laini, hakuna mkwaruzo unaoshika ukucha, hakuna mahali shaba imechungulia. Beringi ya injini iliyonoki haiwi hivyo. Inakuwa imechubuka mpaka shaba inaonekana, au imezunguka na kuungua. Nikamwonyesha fundi. Hakuomba radhi. Akahamia kwenye silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini: "Basi tatizo ni hedi, hizi hupata nyufa." Ni kweli hedi za dizeli hupata nyufa, hasa gari likishachemsha. Langu halijachemsha, na maji hayakupungua hata tone. Hedi ikapandishwa basi kwenda Dar, ikarudi imechongwa, gasketi mpya, beringi mpya, gharama zote juu yangu. Wakafunga, wakawasha.

Likagonga vilevile. Mlio uleule.

Halafu baada ya siku chache likaja jipya: injini ikishapata joto na kutulia sailensa, bila kukanyaga mafuta, taa ya oili inapepesa. Taa hiyo huwaka presha ikiwa imeshuka mno, kwa hiyo ukiiona, maradhi yako mbali tayari. Gari nililopeleka halikuwa na taa hiyo.

Nikampigia mzee mmoja wa Lindi, fundi wa dizeli wa siku nyingi. Akapanda basi na geji zake. Nataka mjue alichofanya, kwa sababu ndicho nilichostahili kufanyiwa tangu siku ya kwanza.

Kwanza aliacha injini ikiwa inanguruma, akalegeza nati ya bomba la nozeli, silinda moja baada ya nyingine, akizikaza kabla ya kwenda kwa inayofuata. Kwenye silinda ya nne mlio ukakatika kabisa na moshi ukaisha. Akaniambia: "Usishangilie bado, mwanangu. Konrodi nayo hupungua kelele ukiiondolea mafuta." Akang'oa nozeli ya nne akaibadilisha na ya pili. Akawasha, akarudia zoezi. Mlio umehamia silinda ya pili. Konrodi haihami, nozeli ndiyo inayohama. Basi. Nozeli moja iliyokwama, inayomwaga mafuta badala ya kuyapuliza, ndiyo iliyofanya injini nzima ishushwe.

Kisha akaja kwenye taa ya oili. Akafungua swichi ya presha, akafunga geji ya sindano mahali pake, akaacha injini ipate joto sawasawa. Dizeli kama hii ikiwa ya moto, kwenye mizunguko 3,000, sindano inatakiwa isome takriban psi 36 kwenda juu. Yangu haikufika 20. Akamwaga oili, akatoa filta. Nikampa msumeno wa chuma aikate, akaukataa, akasema msumeno unaacha unga wake mwenyewe ndani halafu hujui kipi ni kipi. Akaifungua kwa mkasi wa bati taratibu, akakunjua karatasi yake juani. Ilikuwa imejaa vimeta. Akapitisha sumaku juu yake: vichache vilinasa, vingi vilibaki palepale. Vinavyonasa ni chuma, ringi au krenki. Visivyonasa mara nyingi ni madini ya beringi. Beringi mpya kabisa, zimekwisha kuliwa kwa mchanga wa chini ya mwembe na kofia zilizochanganywa.

Kwa hiyo niseme waziwazi: injini niliyopeleka ilikuwa na nozeli mbovu. Injini niliyorudishiwa ndiyo yenye madhara ya ndani.

Kuna wanaosema vipimo ni mambo ya gereji kubwa za Dar. Si kweli. Geji ya kompresheni ya dizeli inafungwa kwenye tundu la hita plagi, ile plagi ya kupasha silinda joto, na lazima iwe ya dizeli yenyewe, inayofika psi 1,000, kwa sababu geji ya petroli inaishia chini sana na itapasuka. Ukiwa huna geji, upepo wa fundi wa tairi unatosha kwa mengi: pandisha pistoni juu kabisa valvu zote zikiwa zimefunga, gari liwe kwenye gia na breki, puliza upepo tunduni, usikilize. Ukivuma kwenye mdomo wa kumwagia oili, ringi au pistoni. Ukitokea ekzosi au kwenye filta ya hewa, valvu. Maji ya rejeta yakitoa mapovu, gasketi au ufa wa hedi. Na oili ikishakuwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, wala huhitaji kuuliza mtu. Lile zoezi la kumimina oili kwenye silinda kutofautisha ringi na valvu waachieni wenye petroli. Chemba ya dizeli ni ndogo, ukizidisha pistoni inagonga kimiminika na konrodi inapinda kweli.

Ni kazi ya asubuhi moja, na injini bado iko mahali pake.

Nimerudi gereji na ile karatasi ya filta kwenye mfuko. Jibu la mwenye gereji: "Bosi, gari la zamani hilo, ulitegemea nini?" Nilitegemea kisichovunjika kisivunjwe! Uzee wa gari hauwapi ruhusa ya kulifungua kabla mwenyewe hajakubali. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na anayenunua huduma ni mlaji. Nadai hela ya beringi, ya hedi na ya kuchonga krenki. Nadai pia beringi zangu za zamani, ambazo sasa naambiwa zimetupwa.

Wito wangu kwa gereji za Mtwara na Lindi: kabla hamjashusha injini ya mtu, andikeni kwenye karatasi presha ya oili na kompresheni ya kila silinda, mteja asaini. Msipokuwa na geji, semeni hamna, tutatafuta wenyewe.

Kwa sasa nina shida mbili. Nahitaji mashine shopu ya Dar inayopima krenki kwa maikromita na kukupa vipimo vya kila jono, yaani shingo ya krenki inapokaa beringi, kwa maandishi, si ya kukwambia "ipo poa". Pia nahitaji mtu wa kupima tundu za konrodi zote sita kabla sijanunua beringi nyingine. Aliyewahi kufanya kazi hiyo kwenye 1HZ aniambie hapa alipeleka wapi na walimpa nini mkononi.