Anazingatia pumzi kila siku, mbona wasiwasi haupungui?

Mnasihi_Moro: Wadau, habari za kazi. Mteja ana wasiwasi zaidi ya miezi 6 sasa: ada, afya ya watoto, kibarua. Anafanya zoezi la kuzingatia pumzi dakika 10 asubuhi na jioni, hakosi, ila analalamika mawazo hayakatiki. Nimwongezee dakika?

Bi_Nasaha: Usiongeze. Muulize kwanza analifanya zoezi ili iweje. Akijibu "ili mawazo yatoke", tatizo liko hapo: wazo likirudi tu, anaona akili imemshinda. Mwaka 1995 Adrian Wells, mwanasaikolojia wa Manchester, alitenganisha wasiwasi juu ya mambo yenyewe na wasiwasi juu ya kuwa na wasiwasi. Huu wa pili ndio unaomtesa mtu zaidi. Sikiliza imani zake. "Nikiwaza sana, balaa halitanikuta ghafla" humfanya aanze kuwaza. "Siwezi kujizuia, nitarukwa na akili" humtia hofu ya mawazo yake mwenyewe. Shughulikia hii kwanza.

Mwl_Saikolojia: Naunga mkono, na dawa yake ni kuahirisha. Saa 4 asubuhi likija "je, mtoto akirudishwa ada?", aseme moyoni: "Wasiwasi huo, nitauwaza saa 11 jioni." Kisha aendelee kufua au kuuza, wazo likiwepo hapo hapo. Saa 11 ana dakika 15, zisisogee karibu na usingizi, na asipozihitaji aziache. Kabla ya kuanza ataje kwa asilimia anavyoamini kuwa wasiwasi haudhibitiki, kisha ataje tena baada ya wiki.

Wengi hukwama kwa kudhani kuahirisha ni kukandamiza. Mwambie asimfikirie kabisa twiga wa bluu kwa dakika moja, aone atakavyomjia. Anayekandamiza hataki wazo liwepo. Anayeahirisha analiacha liwepo, halijibu.

Mnasihi_Moro: Kwa hiyo pumzi tuachane nayo?

Bi_Nasaha: Hapana, badilisha maelekezo tu. Akili ikitoroka, atambue "nimeanza kuwaza", arudi kwenye pumzi bila kujilaumu, hata mara 50. Huko kurudi ndiko zoezi lenyewe. Apumue kawaida: akivuta kwa nguvu na haraka atapata kizunguzungu na ganzi vidoleni, adhani ni ugonjwa mpya. Na kama moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka na anakonda, apelekwe hospitali apimwe homoni za tezi ya shingo.