Naomba ushauri: mwanangu ana usonji, nitamwingizaje kwenye michezo ya wenzake?

Habari zenu ndugu zangu. Mwanangu ana miaka 8, ana usonji. Maneno anayo machache, lakini anaelewa mengi kuliko watu wanavyodhani. Kelele zikizidi huziba masikio na kupungapunga vidole mbele ya uso. Hapo watoto humcheka, na wakubwa huniambia nimemdekeza.

Ninavyojua, usonji hauambukizi wala hautokani na malezi mabaya. Ni ubongo kukua kwa namna tofauti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu unataka washirikishwe kikamilifu katika jamii, hata michezoni. Sawa, ila mkataba hauchezi mpira na mtoto.

Kila jioni anasimama pembeni ya uwanja akiwatazama wenzake mpaka watawanyike. Anataka kucheza, hilo sina shaka nalo. Je, nianze kuzungumza na watoto wenyewe au wazazi wao? Na yeye awepo nikiwaeleza hali yake, au nitamwaibisha? Mchezo gani wa kupokezana zamu, usio na maneno mengi, uliwasaidia wenu? Waliopitia haya naomba mnijuze, hasa ambao watoto wao wameshakuwa wakubwa.