Nimemaliza "vitabu" 61, kitabu kimoja cha kweli kimenishinda

Mama wa Ukonga

Wakuu habari za jioni. Nakaa Ukonga Mombasa hapa Dar, kazi yangu mjini Posta, ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kwenda na kurudi naacha kama saa tatu kwenye daladala. Ndiyo maana mwezi wa tatu nikaweka kwenye simu aplikesheni ya mihtasari ya vitabu. Kitabu kizima dakika 15, unasoma au unasikiliza. Nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine umekumbatia pochi, masikioni mtu ananifundisha kupanga fedha. Nikaona hapa nimepata.

Ina kihesabu cha siku mfululizo, kina kimoto. Siku ya 74 bando likakata saa tano usiku na M-Pesa haina kitu. Nikajifunga kanga nikaenda kumgongea Mangi wa dukani anikopeshe vocha, kimoto kisizimike. Mume wangu akauliza kuna mgonjwa wapi.

Sasa wiki iliyopita kijana wa ofisini akataja kitabu kimoja cha kuweka akiba. Nikadakia, hicho nimekisoma! Akauliza, je mwandishi anamwambia nini mtu ambaye kipato chake hakitabiriki? Nikabaki nachekacheka. Kwenye simu kina alama kabisa kwamba nimekimaliza. Kwa aibu nikakinunua chenyewe kwa wauza vitabu vya mtumba, elfu saba. Ukurasa wa 9, usingizi. Kesho yake, ukurasa wa 9 tena.

Swali: nimejenga tabia ya kusoma au tabia ya kulinda kimoto? Waliovuka hapa walifanyaje? Na tafadhali asiniambie mtu niamke saa kumi na moja alfajiri nisome. Ushauri huo nimeshausikia sana humo ndani, na saa hizo mimi niko kituoni.

Mzee wa Magoli

Dada, umezoea kuangalia magoli ya Simba na Yanga kwa dakika tatu, leo umepelekwa uwanjani dakika 90 unalalamika mpira umepooza 😂

Mhasibu Tabata

Mzee wa Magoli umechekesha ila mimi nazitetea. Vitabu vingi vya biashara vina wazo moja limevutwa kurasa 250. Hilo wazo ukilipata kwa robo saa hujamwibia mtu. Wala si kitu kipya: getAbstract ya Uswisi ilianza 1999 ikiuzia maofisi mihtasari, Blinkist ya Berlin ikaja 2012 kwa watu wa simu kama sisi.

Mimi natumia kuchagulia. Nikisikiliza kumi, labda kimoja nakitafuta chenyewe. Tisa naviacha roho safi, wala sisemi nimevisoma. Kosa lako dada ni hilo tu, kusema "nimekisoma".

Nje ya mada kidogo: angalieni zile siku saba za bure. Mimi (programu siitaji) niliifuta kwenye simu nikadhani nimejitoa. Nikakatwa ada ya mwaka mzima, laki mbili na ushee. Kufuta programu si kusitisha malipo. Unaingia Google Play sehemu ya malipo, unasitisha huko.

Mwalimu Mstaafu

Binti yangu, pole na foleni. Nimefundisha miaka mingi, usingizi wa ukurasa wa 9 naufahamu. Nikuulize: hicho kitabu ni cha Kiingereza? Kutwa nzima unasoma nyaraka za forodha za Kiingereza, usiku unaongeza tena. Hapo kilichochoka ni kichwa, usijiite mvivu. Anza na riwaya ya Kiswahili, fupi, yenye visa. Riwaya haina muhtasari wa kukusaidia, maana ukishaambiwa aliyekufa ni nani utamu umekwisha.

La pili ni la kukumbuka. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi. Wengine waliirudia kuisoma, wengine waliifunika wakaandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia walikuwa mbele. Baada ya wiki mambo yakageuka, waliojikumbusha ndio waliobaki nayo. Kwa hiyo ukimaliza hizo dakika 15, usifungue nyingine. Zima simu, mweleze jirani yako wa siti. Akikuona kichaa, shauri yake.

Na Maktaba Kuu unaipita kila siku pale Bibi Titi Mohamed, Mwalimu Nyerere aliifungua 1967. Kutoka Posta ni mwendo wa miguu. Ukiazima kitabu kina tarehe ya kurudisha, na hiyo tarehe inamkimbiza mtu kuliko kimoto.

Mama wa Ukonga

Shikamoo Mwalimu. Narudi na mrejesho, wiki mbili sasa.

Ni kweli kilikuwa cha Kiingereza. Nimekiweka kando, nimeanza riwaya ya Kiswahili. Tatizo likawa mikono: kitabu hakisomeki ukiwa umesimama. Basi asubuhi nageuza na gari. Napanda linalokwenda Gongo la Mboto, nalipa, nabaki siti ya dirishani, nageuka nalo hadi mjini. Nauli mara mbili, Mhasibu usinipigie hesabu. Jioni nimechoka, nasikiliza muhtasari mmoja tu, halafu namsimulia mume wangu wakati wa kula. Juzi kanibishia kuhusu mikopo mpaka ugali ukapoa.

Kimoto kilizima Jumanne, sikujua mpaka Alhamisi. Niko ukurasa wa 88, na leo nimepitilizwa kituo hadi konda akanigongea dirisha.

Mwalimu, hiyo maktaba Jumamosi wanafunga saa ngapi?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Nenda asubuhi, usingoje mchana. Na ukifika 120 uniambie yule shemeji umemwonaje, mimi nilimtilia shaka mapema.

Mama wa Ukonga

Mwalimu!! Usiniharibie.