Programu za kwenye brauza kwa biashara ndogo, zina faida kweli au ni kulipishwa kila mwezi tu?

Kaunta_Moja:

Wakuu habari za humu. Naombeni mawazo maana nimekaa na hili jambo wiki ya tatu sasa, kila ninayemuuliza ananiambia "weka tu kwenye wingu", ukimuuliza hilo wingu litanifanyia nini anaanza kuzunguka mbuyu.

Biashara yangu ni ndogo, tunauza vifaa vya ofisi, tuko watatu tu, mimi, jamaa wa stoo na dada wa kaunta. Hesabu zote ziko kwenye Excel na kompyuta ni mbili, ya kaunta na ya stoo. Zamani niliona inatosha kabisa ila siku hizi nikifungua folda nakuta STOO MPYA, STOO MPYA final, STOO MPYA final2 na nyingine imeandikwa STOO YA KAUNTA USIFUTE, na mi mwenyewe sijui ipi ndio yenyewe. Faili linasafiri kwa flashi asubuhi na jioni kama mtoto wa shule. Juzi wino wa printa umebaki mmoja, kaunta wakamuuzia mteja aliyesimama pale, kumbe stoo jamaa kashampigia mteja mwingine kwamba upo, aje achukue. Na akaja kweli, kafunga safari. Nilivyomuomba radhi siku ile Mungu ndio anajua.

Sasa nasikia kuna hizi programu unafungua kwenye brauza, husakinishi kitu, unalipia kwa mwezi. Nachotaka kujua, nafaidika nini hasa kuliko kununua programu ya kusakinisha nikalipa mara moja nikamalizana nayo? Intaneti ikikata nafunga biashara? Na hao wenye seva, yani zile kompyuta zao zinazotunza data, wakifunga kampuni yao na data zangu ziko kwao nakimbilia wapi?

Mtunza_Vitabu:

Mkuu, kinachokuumiza wewe sio kukosa wingu, ni nakala. Una faili 4 na kila moja linasema ukweli wake. Hata ukinunua programu nzuri ya kusakinisha, ukaiweka kompyuta mbili bila kuziunganisha, utakuwa na stoo mbili vilevile, tofauti itakuwa vitufe vina rangi nzuri.

Hiyo ya kwenye brauza faida yake ya kwanza ni kwamba hakuna faili la kutembeza. Daftari ni moja, liko kwenye seva, nyie wote mnalichungulia dirisha lenu. Dada wa kaunta akibonyeza kuuza, idadi inapungua hapohapo, jamaa wa stoo akifungua anaona wino sifuri, hampigii mtu simu.

Ila mi iliyoniokoa ni nyingine ambayo wauzaji hawaisemagi sana, ile historia ya nani kabadilisha nini na saa ngapi. Kuna ofisi niliwahi kuwatunzia vitabu, stoo ikapungua boksi 18 za bidhaa moja, bosi keshaanza kumkodolea macho kijana wa stoo, hali ya hewa ikachafuka, watu hawasalimiani. Mi nikaangalia ile 18 nikasema hebu subirini kwanza. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, mtu wa hesabu anashtuka, manake mara nyingi mtu kageuza tarakimu wakati anaandika. Tukafungua historia ya ile bidhaa: mzigo umeingizwa saa 11:40 jioni, idadi 42. Tukatoa hati ya mzigo, imeandikwa 24. Na akaunti iliyoingiza ni ya bosi mwenyewe! Kijana alikuwa hana kosa lolote. Kwenye Excel ya flashi ungemjuaje aliyeandika? Ungebaki unamshuku mtoto wa watu mpaka aache kazi.

Kwahiyo ukichukua programu yoyote, kila mtu awe na akaunti yake na pasiwedi yake. Mkitumia akaunti moja wote watatu hiyo historia itakuwa inakwambia "admin kafanya", haina maana tena.

Bahili_Mstaarabu:

Mi nitakuwa mkorofi kidogo. Wote wanaoshabikia hizi programu hawapigi hesabu ya miaka mitano. Ya kusakinisha unalipa unamaliza, hii unalipa mpaka unastaafu, na nyingi zinatoza kwa kichwa, yani ukiajiri mtu wa nne na yeye analipiwa. Bei wanaipandisha wakijisikia, wewe data zako ziko ndani utafanyaje. Alafu unalipia ila vipengele vya maana utakuta viko kwenye kifurushi cha juu, unaambiwa panda ngazi.

Watu watatu, stoo ndogo, daftari la karatasi na nidhamu vinatosha. Hasira yako ni ya faili nne, futa matatu basi.

Kaunta_Moja:

@Bahili_Mstaarabu nilishafuta mkuu, mara mbili. Yanazaliwa upya.

@Mtunza_Vitabu hiyo ya kugawanya kwa 9 nimeijaribu kwenye upungufu wangu wa mwezi uliopita, ni 27. Nimekaa chini.

fundi_wa_seva:

Nimecheka hapo kwenye 27.

Bahili ana pointi kwenye malipo ila kasahau upande wa pili wa hesabu. Hiyo ya kusakinisha ukishainunua nani anaifanyia apdeti? Nani anachukua bakapu? Kompyuta ikifa inabidi uisakinishe upya, utafute leseni, mara leseni ilifungwa na ile mashine iliyokufa. Hizo gharama zipo ila hazina risiti ndio maana hatuzioni. Na hii biashara ya kuweka programu kwenye seva mtu akaitumia kwa brauza sio jambo la jana, Viaweb walianza 1995, ilikuwa ni programu ya kutengeneza duka la mtandaoni, mwaka 1998 Yahoo wakainunua. Salesforce, wenye programu ya kufuatilia wateja na mauzo, wakaja 1999. Kizuri ni kwamba tatizo likirekebishwa kwenye seva limerekebishwa kwa wote, hakuna kutembea na CD kompyuta hadi kompyuta.

Haya, maswali ya jamaa. Intaneti ikikata. Programu zipo za aina mbili hapa. Kuna inayokuganda, unaona duara linazunguka tu. Na kuna iliyotengenezwa vizuri, inahifadhi mauzo ndani ya simu au kompyuta kwa muda, mtandao ukirudi inayapeleka. Lakini angalieni, na hili halisemwi kwenye matangazo: muda ambao mmekatika, kaunta na stoo hazionani. Yule wino mmoja wa mwisho unaweza kuuzwa mara mbili vilevile. Kwahiyo mtandao ukikata mnarudi kwenye kuulizana kwa mdomo kwa vile vitu vilivyobaki kimoja kimoja, hakuna dawa nyingine. Uwe na simu ya kurushia intaneti pembeni, kwenye mauzo ya kawaida hizi programu hazili bando sana.

Alafu kuna wao wenyewe kukatika. Utaona wameandika kwa majivuno tunapatikana 99.9% ya muda. Mwaka una saa 8,760, hiyo 0.1% iliyobaki ni kama saa 8 na dakika 45, inavumilika. Akikuandikia 99% usiichukulie poa, hizo ni saa 87 na nusu na kidogo, siku tatu na zaidi kwa mwaka.

Sasa wakifunga kampuni, au seva ziungue. Na zinaungua kweli, Machi 2021 kituo cha seva cha OVHcloud, kampuni ya kukodisha seva, kule Strasbourg, Ufaransa, kilishika moto, jengo moja likateketea lote. Waliokuwa na bakapu sehemu nyingine walirudi kazini, wengine ambao hawakuwa nayo data zao zilikwenda na moshi. Wingu ni kompyuta ya mtu mwingine tu jamani, ipo kwenye jengo, jengo lina nyaya. Kwahiyo kabla hujaingiza bidhaa hata moja tafuta mlango wa kutokea. Kitufe cha kupakua data zote kiko wapi, kinatoa nini, unaweza kukibonyeza mwenyewe au mpaka uwaandikie barua pepe uwabembeleze? Ijumaa jioni unapakua, unaweka kwenye diski yako, unaenda nyumbani.

Dada_Mizigo:

Kwenye kupakua kuna mtego niongezee hapo maana uliniliza. Data zinatoka kwenye faili la CSV, yani jedwali la maandishi matupu ambalo programu nyingi zinalisoma, wewe kwa furaha unalibonyeza mara mbili, linafunguka na Excel. Excel inaona barkodi ya tarakimu 13 inadhani ni namba ya kufanyia hesabu, inakuonyesha 8.9E+12, na namba za bidhaa zilizoanza na sifuri inakula zile sifuri za mbele. Ukihifadhi hapo umeharibu, ukija kurudisha kwenye programu mpya bidhaa hazitambuliki, unaskani inakwambia hakuna kitu kama hicho. Usilifungue hivyo. Fungua Excel kwanza iwe tupu, alafu liingize faili kupitia sehemu ya data na uiambie kolamu ya barkodi ni maandishi sio namba. Au liache tu kama lilivyo, bakapu haihitaji kufunguliwa kila siku.

Alafu kaka @Kaunta_Moja kabla hujahamia usichukue lolote kati ya yale mafaili manne ukaliingiza. Utahamisha uchafu kwenye nyumba mpya. Fungeni siku moja, hesabuni kwa mikono kilichopo kwenye rafu, mmoja anahesabu mwingine anaandika, hiyo ndio namba ya kuanzia. Madeni ya wateja vilevile, mpigie kila mmoja mkubaliane salio. Sisi ilitugharimu siku mbili na mgongo.

Na watu wako wa kazi uwashirikishe mapema. Wa kwetu mmoja aliendelea na daftari lake la siri miezi miwili kwasababu aliona kama tumemwekea kamera, mauzo anaandika kwenye daftari jioni ndio anaingiza yote kwa mkupuo. Yani tulikuwa na programu ya papo kwa hapo inayojua mauzo kila saa 12 jioni.

Bahili_Mstaarabu:

Huyo wa daftari la siri ni mtu wangu wa damu.

Sawa nimewasikia, ila na nyie mseme ukweli, kuna watu wana bidhaa 15 wanalipia programu ya watu wenye matawi. Lahajedwali ya mtandaoni kama Google Sheets inatosha kwa wengi, ya bure, faili ni moja, watu watatu mnaandika kwa pamoja na historia ya mabadiliko ipo.

Mtunza_Vitabu:

Hapo tumekutana bahili. Kwa bidhaa chache hiyo ni programu ya brauza tosha. Kasoro yake inakuamini sana, mtu anaweza kuandika idadi hasi au akafuta fomula kwa kidole na haisemi kitu usipoiwekea vizuizi mwenyewe. Na haikwambii pia kama ankara ya mteja fulani imepitisha siku 30. Bidhaa zikifika mamia na mkopo ukiwepo, ndio uangalie programu yenyewe ya stoo na mauzo.

Kaunta_Moja:

Mrejesho wakuu. Bidhaa zangu ni 340 na kidogo na wateja wa mkopo ninao, kwahiyo lahajedwali nimeiruka. Nimefungua majaribio ya bure ya programu mbili, nikafanya alivyosema fundi, nikaanza na mlango wa kutokea. Ya kwanza nimeuza vitu vitano vya uongo nikabonyeza kupakua, orodha ya bidhaa imetoka vizuri, wateja wametoka, historia ya mauzo imetoka kwenye PDF. PDF! Nitaiingiza wapi mimi? Nimefuta akaunti. Ya pili imetoa yote kwenye CSV, na nilipozima intaneti nikauza ikakubali, ikaweka alama ya njano kwamba haijapelekwa, nilivyowasha ikapelekwa.

Jumapili tunahesabu rafu. Na ile 27 nimeipata, ni bahasha, hati ya mzigo inasema 36 stoo imeandikwa 63. Mwandiko ni wangu.

fundi_wa_seva:

😂😂 Kabla ya Jumapili washa ile ya kuingia kwa hatua mbili kwenye akaunti yako (pasiwedi kwanza, alafu namba unayoipata kwenye simu), wewe ndio mwenye uwezo wa kufuta kila kitu. Na zile namba za akiba za kuingilia wanazokupa ziprinti, usizihifadhi kwenye simu hiyohiyo.

Kaunta_Moja:

Nitaziprinti, wino wa printa ukiingia.