Sukari ya alfajiri inapanda ingawa nimeacha kula usiku: naomba ushauri

Mgeni wa Kisukari:
Ndugu zangu, salamu. Wiki tatu zilizopita niligunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili, baada ya kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, kutoa asilimia 8.4. Daktari aliniandikia metformini na kuniagiza nipunguze wanga, lakini muda wangu ukaisha kabla sijamuuliza nipunguze kiasi gani. Kwa woga nimeacha kabisa wali, mkate na viazi, na tangu wiki iliyopita ninalala bila kula. Kinachonishangaza ni kwamba ninalala na sukari ya 7.6 mmol/L, lakini nikipima alfajiri kabla ya kutia chochote kinywani ninakuta 9.1. Sukari hiyo inatoka wapi ikiwa sikula? Je, nijinyime zaidi?

Mwaka wa Kumi na Moja:
Pole sana, ndugu. Sukari hiyo inatoka kwenye ini lako mwenyewe. Ini huhifadhi sukari na hutengeneza nyingine, na kuelekea alfajiri homoni zinazouandaa mwili kuamka huliamsha nalo liimwage ndani ya damu. Kwa asiye na kisukari insulini huidhibiti, ila kwetu sisi breki hiyo imelegea. Kwa hiyo kulala njaa hakuizuii. Mimi nilijaribu mwaka wa kwanza: nikajinyima chakula cha jioni siku nne, na siku ya tano nikala bila kujizuia hadi mashine ikasoma 15. Kula jioni mapema, kwa kiasi, wala usikate tamaa kwa sababu ya namba ya asubuhi, kwani kwangu ndiyo iliyochelewa kushuka kuliko zote.

Muuguzi Mstaafu:
Kabla hatujafika kwenye sahani, naomba kuuliza: je, unatumia dawa nyingine yoyote? Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini anayetumia glibenklamidi, gliklazidi au insulini akiruka mlo anajiweka hatarini. Ukitetemeka, ukitokwa jasho jembamba na kipimo kikawa chini ya 4, kunywa maji yenye vijiko vidogo vinne vya sukari, subiri dakika 15, kisha upime tena.

Kuhusu wanga, kupunguza si kufuta. Nusu ya sahani iwe mboga zisizo na wanga mwingi, robo iwe samaki, nyama, mayai au maharage, na robo iliyobaki iwe wali au viazi. Kula tunda zima badala ya kunywa juisi yake, kwa sababu juisi hupoteza sehemu kubwa ya nyuzinyuzi na sukari yake huingia kwenye damu haraka.

Mgeni wa Kisukari:
Ninashukuru sana. Ninatumia metformini pekee, ingawa inanivuruga tumbo kiasi cha kunifanya nifikirie kuiacha. Nyingine ni hii: vijiti vya kupimia vinaisha upesi. Nipime saa ngapi ili nisivipoteze bure?

Mwaka wa Kumi na Moja:
Pima kwa jozi: mara moja kabla ya mlo, na mara ya pili saa mbili baada ya tonge la kwanza. Chagua mlo mmoja tu kwa siku, kesho mwingine. Kipimo kimoja peke yake hakikuambii chakula kimefanya nini. Nawa mikono kwanza, kwani utomvu wa tunda kidoleni umewahi kunionyesha namba ya uongo iliyoninyima usingizi. Watu wazima wengi huwekewa lengo la 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula na chini ya 10 saa mbili baadaye, lakini daktari anaweza kukupangia tofauti. Mimi sahani ile ile ya wali ilinipa 12.3, na siku nyingine 9.2, kwa sababu nilianza na mboga na maharage, wali ukaja mwisho, kisha nikatembea robo saa. Misuli ya miguu ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu.

Muuguzi Mstaafu:
Dawa usiiache. Imeze katikati ya mlo. Kwa wengi tumbo hutulia baada ya wiki chache, na lisipotulia mwombe daktari ile inayoyeyuka polepole. Omba pia upimwe macho, figo na miguu sasa hivi, kwa kuwa kisukari cha aina hii huweza kukaa mwilini miaka kadhaa kabla hakijagunduliwa.

Mgeni wa Kisukari:
Jana usiku nimekula wali kwa mara ya kwanza tangu nigunduliwe, robo ya sahani, baada ya mboga na samaki. Kabla ya kula ilikuwa 7.3, saa mbili baadaye 9.4. Alfajiri bado ni 8.8, lakini nimelala usingizi mzima. Nimeziandika zote kwenye daftari nitakalokwenda nalo kliniki.